Tuta Lenye Kitambi

Mume wangu Damiani ni mtu wa mipaka. Kopo la sukari nyumbani lina mistari ya kalamu ya wino, ili kila asubuhi ajue jana imeliwa kiasi gani. Kanisani ana sehemu yake kwenye benchi la tatu, na mgeni akiikalia Damiani hasemi kitu, anasimama tu pembeni yake mpaka mgeni mwenyewe aone haya ahame. Kuku wa jirani akivuka uani kwetu anarudishwa kwa mikono miwili, na jirani anapewa maelezo. Kijiji chetu kizima cha Idete kinajua kwamba ukigombana na mwenzako juu ya shamba, unamwita Damiani. Anakuja na kamba yake yenye mafundo, anapima, anakohoa, anatoa hukumu, anapewa chai. Miaka thelathini nimeishi na mwanamume mwaminifu kuliko wote bondeni, kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe.

Mashamba yetu ya mpunga yako upande wa mtoni, nusu saa kwa baiskeli kutoka stesheni. Huko kuna tuta refu ambalo babu zake na wenzao walilichimba kwa jembe la mkono kabla reli haijaja. Lina karibu kilomita moja, na mfereji pembeni, kuonyesha ardhi ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Siku hizi ukifika hapo hulioni. Unaona matete yanayokuzidi kimo na kinjia chembamba kinachopita katikati yake, na usipoambiwa kwamba unatembea juu ya jasho la watu huwezi kujua.

Baba mkwe alipokaribia kufa aligawa shamba kwa maneno machache. Upande wa kijijini ni wa Damiani, upande wa mtoni ni wa Agnella, dada yake mkubwa, na tuta ndilo mpaka. Wajomba na ba'wadogo walikohoa kidogo kusikia mwanamke anapewa shamba la mpunga, lakini mzee hakuwa mtu wa kurudia maneno, na wiki mbili baadaye hakuwepo wa kumuuliza.

Tuta linataka kukarabatiwa kila mwaka, mwezi wa Desemba, kabla maji hayajapanda. Kwetu kuna utaratibu ambao hata mtoto wa chekechea anaujua: anayekarabati tuta anachota udongo upande wake. Shimo linabaki shambani kwako, hasara ni yako, na tuta la watu wawili haliguswi na jembe, linaongezewa tu. Sasa wifi yangu Agnella alifiwa na mumewe, na mgongo ukaanza kumsumbua. Damiani akasimama kwenye sala ya jumuiya akatangaza kwamba kuanzia mwaka ule tuta lote atalikarabati yeye, dada apumzike. Akina mama walifuta machozi. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga.

Basi kila Desemba ikawa hivi. Tunafika shambani asubuhi. Agnella, kama wengi wetu msimu ukianza, ameshahamia huko na anakaa kwenye dungu lake, kibanda kile cha juu ya nguzo kinachotuepusha na maji na nyoka. Anashuka kutupokea.

"Shikamoo dada," Damiani anasema, kofia mkononi.

"Marahaba, mdogo wangu. Mungu akubariki kwa kunikumbuka."

Kisha anapanda kwenda kulaza mgongo. Damiani anasubiri mpaka ngazi imalize kulia. Halafu anashika jembe, anaingia kwenye matete, na badala ya kuchota udongo shambani kwetu analikata tuta lenyewe, ubavu wa upande wetu, upana wa nyayo mbili. Mimi napakia kwenye karai, navuka, namwaga ubavu wa pili, upande wa Agnella, nakanyaga kwa miguu mpaka ukaze. Tukimaliza tuta ni zima, upana ule ule, kimo kile kile. Limesogea tu kidogo kuelekea mtoni. Labda lilikuwa na kiu.

"Udongo wetu ni mzuri mno kuutoboatoboa mashimo," alinieleza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakueleza, na mimi sikuuliza. Tuliendelea hivyo miaka kumi na minane. Nisije nikasema nililazimishwa, maana karai lilikuwa langu na miguu ilikuwa yangu. Mpunga wa pale ulisomesha watoto wangu, na Fredy wetu sasa ni fundi wa umeme Morogoro. Nilichokuwa najiambia ni kwamba mambo ya ardhi ni ya wanaume. Ni maneno yanayosaidia sana, hasa ukiwa umejitwika karai.

Kitu kimoja tu kilimnyima Damiani raha. Ndani ya ile sehemu tuliyoipata kwa njia ya ukarabati kulikuwa na ukanda uliokataa mpunga. Kila mwaka, sehemu nyingine zikiwa zinapendeza, pale panatokea mstari mrefu wa mpunga mfupi, wa njano, ulionyong'onyea. Damiani alilaumu mbegu za duka la Ifakara. Akalaumu mbolea. Akamlaumu bwana shamba, kijana wa watu, akamwambia amesomea vyeti. Mwishowe akamlaumu dada yake. Alisema mwanamke anayekaa juu ya dungu kutwa nzima akikodolea macho mpunga wa mtu hawezi kuuacha salama. Kukodoa ni kweli alikuwa anakodoa.

Agnella naye alikuwa na lake. Alikuwa akivuna magunia ishirini na mawili. Yakawa kumi na tisa, yakawa kumi na sita. Siku moja tulikutana kwenye mashine ya kukoboa, akanishika mkono.

"Wifi, shamba langu linakonda."

"Mbegu za siku hizi, wifi," nilimwambia.

Nilisema hivyo bila hata kupepesa jicho, na nikamsaidia kujitwisha gunia. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile naona aibu kuliko nikikumbuka karai.

Mwaka jana wakaja watu wa mpango wa matumizi ya ardhi. Kila mwenye shamba atapimiwa, atasaini, atapata hatimiliki yake ya kimila yenye muhuri, na baada ya hapo hakuna wa kumsogeza. Kamati ya kitongoji ikaundwa, na bila shaka Damiani akawemo. Lakini upimaji wenyewe haukuwa wa kamba. Alikuja binti mmoja anaitwa Nelly, mfupi, mchangamfu, amepanga chumba Kibaoni, na kwenye sanduku lake kulikuwa na droni, kindege kidogo chenye kamera. Atapiga picha bonde lote kutoka juu, alituambia, halafu mipaka tutaichora kwenye picha.

Nilidhani Damiani ataogopa. Alifurahi kama aliyeitiwa harusi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: picha itaonyesha tuta lilipo leo, Agnella atatia dole gumba, muhuri utagongwa, na miaka kumi na minane ya ukarabati itakuwa sheria. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Kamera haina undugu. Kamera haina dada wala kaka." Watu waliitikia kwa vichwa. Akaomba shamba letu lianze.

Siku ya kupiga picha alivaa shati lake la Pasaka. Nelly alikuwa amesisitiza tufike mapema, saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini. Alitueleza kwamba jua likiwa chini kila mwinuko unatupa kivuli kirefu, hata tuta la zamani lililofunikwa na majani linajitokeza ukiliangalia kutoka juu, na mpunga unapoanza kuiva rangi yake inasema kilichomo chini ya udongo. Damiani alipokea maelezo hayo kama sifa kwa ukoo wake. Alipanda juu ya tuta, akasimama kifua mbele, akapungia mkono angani. Droni ikapaa ikiunguruma, kwelea wakatimka kwa maelfu, na Agnella kule juu ya dungu akacheka mpaka akashika nguzo.

"Binti," alipaza sauti, "hicho chombo si ukiache hapa kinifukuzie ndege?"

Baada ya wiki mbili tukaitwa ofisi ya kijiji. Picha ilikuwa kubwa kama doti ya kanga, imetundikwa ukutani kwa misumari. Kwanza kila mtu alitafuta paa lake. Mwenyekiti wa kitongoji, Nazari, mtu mwema ambaye hapendi kikao kifike saa ya kula, alilazimika kugonga meza mara tatu. Nelly akachukua fimbo.

"Nianze na hili tuta la mpaka," alisema. "Nimepiga picha bonde hili kutoka Chita mpaka hapa, sijaona kazi ya mikono iliyonyooka hivi. Waliochimba hawakuwa na kifaa hata kimoja. Hongereni."

Damiani alisimama kupokea hongera kwa niaba ya marehemu. Alikuwa bado amesimama fimbo iliposhuka.

"Ila hapa," alisema Nelly, "kuna kitu sikielewi."

Hakuna aliyehitaji fimbo kukiona. Tuta lilikuwa linakuja limenyooka kama uzi, mashamba ya watu saba. Likifika kona ya kwanza ya shamba letu linaanza kuvimba kuelekea mtoni, linavimba, linavimba, halafu likifika kona yetu ya mwisho linarudi kwenye mstari, linaendelea na safari yake kwa adabu. Lilikuwa tuta lenye kitambi. Na ndani ya kile kitambi, katikati ya mpunga wetu, ulipita ule mstari wa njano, umenyooka, umeunganisha tuta la kona hii na tuta la kona ile. Ubavuni mwake kulikuwa na mstari mwingine, wa kijani kibichi.

"Huu wa njano ndipo tuta lenyewe lilipokuwa," Nelly alieleza, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. "Udongo umekanyagwa miaka mingi, umeshikana, mizizi haishuki. Na huu wa kijani ni ule mfereji wa zamani, umejaa tope, maji yanakaa. Vipimo vyangu vinasema tuta limehama mita kumi na moja. Ni zaidi ya robo tatu ya ekari."

Nyuma kuna mtu alianza kucheka, akajifanya anakohoa. Mimi nilikuwa namwangalia Damiani. Miaka yote ile alikuwa akiupiga vita ule ukanda wa njano, ameutilia mbolea, ameuombea, amemtukana bwana shamba, na kumbe lilikuwa ni tuta la baba yake limelala pale pale alipoliacha. Alikaa chini taratibu bila kuangalia kiti.

Nelly, mtoto wa watu, aliona ukimya ule akadhani amekosea. "Labda ni mafuriko?" alisema.

Hapo lazima nieleze. Kwetu mto huu kila baada ya miaka unabeba udongo wa huyu unampa yule, na tungegombania kila ulichobeba tusingepata muda wa kulima. Kwa hiyo tulikubaliana zamani: kilichohamishwa na maji kimehama, hakidaiwi. Neno lile moja lilikuwa limempa Damiani robo tatu ya ekari, na safari hii kihalali.

"Mafuriko!" alisema Nazari, akitazama saa.

"Yale ya mwaka ule," alisema Damiani, sauti ikiwa imemrudia. "Yalikuwa na nguvu yale, we acha tu."

Na watu wakaanza kuyakumbuka. Mmoja alipoteza mbuzi, mwingine choo kilichukuliwa kizima kizima. Kila mtu alikuwa na lake, na ofisi ikachangamka. Hakuna aliyeuliza ni mafuriko gani hayo yaliyosukuma tuta kuanzia kona yetu ya kwanza hadi kona yetu ya mwisho, yasiguse la jirani hata kidogo. Ni lazima yalikuwa mafuriko yenye kamba ya mafundo.

"Basi," alisema Nazari, "kwa utaratibu wetu jambo limekwisha. Mama Agnella, una neno?"

Agnella aliinuka akishika mgongo. "Kama ni maji, ni maji," alisema. Na aliposema hivyo hakumwangalia mdogo wake. Aliniangalia mimi.

Nelly akafungua kikopo cha wino, akasogeza karatasi. Agnella akachovya dole gumba. Nikakiona kidole chake, kimepinda kwa jembe, cheusi kwa wino, kinashuka, na nikajua kikigusa karatasi ile nitaibeba robo tatu ya ekari kichwani mpaka kaburini.

"Subirini," nilisema.

Sijazoea kusema kwenye vikao. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Hayo mafuriko ni mimi."

Watu walicheka. Nazari naye alicheka. "Mama Fredy, kaa tu, tunamaliza."

"Sikai. Kila Desemba, miaka kumi na minane. Baba Fredy analikata tuta upande wetu, mimi nabeba udongo namwaga kwa wifi. Nakanyaga kwa miguu hii. Karai liko nyumbani, nendeni mkalione, limetoboka kwa kazi hiyo."

"Mke wangu unaumwa?" Damiani aliuliza, kwa upole ambao huwa anautoa mbele za watu.

"Siumwi. Nimechoka kubeba."

Hakuna aliyecheka tena. Agnella alikuwa bado amesimama na kidole cheusi hewani. Akakitazama, akakifuta kwenye kanga yake polepole, akakaa.

Kikao kilipitiliza saa ya kula, na Nazari hajanisamehe hilo. Ikaamuliwa mpaka uchorwe kwenye mstari wa njano. Tuta lirudishwe lilipokuwa, lirudishwe na aliyelihamisha. Damiani akaombwa apumzike kwenye kamati, dada za watu wengine wasije nao wakakarabatiwa. Nyumbani aliacha kusema na mimi wiki tatu. Akihitaji chumvi alimweleza kuku.

Mimi siku iliyofuata kikao kile nilichukua kilo ya sukari, kutoka kwenye kopo lenye mistari, na sikujali mstari upi, nikaenda shambani kwa Agnella. Alikuwa juu ya dungu. Nilipanda ile ngazi kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo wifi. Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Kaa kwanza, upumue."

Nikakaa, nikageuka kuangalia alikokuwa anaangalia. Kutoka pale juu matete hayazuii chochote. Niliona tuta lote na kitambi chake. Niliona mstari wa njano na ule wa kijani. Niliona mahali tulipokuwa tunasimama kila Desemba, mimi na karai, peupe kabisa, kama watu walio jukwaani.

"Yule binti na chombo chake amechelewa," alisema Agnella.

"Wifi. Ulikuwa unatuona?"

"Mwaka wa kwanza nilidhani mmekosea. Mwaka wa pili nilihesabu nyayo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Ukidhulumiwa shamba Idete unamwita Damiani." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Yule nilimbeba mgongoni, Justa. Namjua tangu hajaota meno, kitu cha mwenzake hakikai mkononi kwake bila kuwa chake. Sikutegemea aseme. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Mimi nina maneno ya kila kitu, nadhani mmeshaona. Pale nililia, na yeye aliniacha nilie, hakunibembeleza wala kunifukuza, alikuwa anafukuza ndege.

Desemba ilipofika tulikwenda shambani kama kawaida, mimi na Damiani na karai jipya. Tulipofika, kwenye mashamba yale mengine watu walikuwa wamesimama wameegemea majembe, hakuna aliyekuwa na kazi nyingine siku ile. Damiani alivua kofia. Agnella hakushuka. Alikuwa amekaa juu ya dungu, miguu inaning'inia, na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo dada," alisema mume wangu.

"Marahaba," alisema Agnella. "Chimba."